Ulimi wa Kibarazani

Shemeji yangu baharia aliporudi kutoka Uskoti hakuleta viatu wala simu. Alileta mfuko wa mwani mkavu, "wa kufundishia," maana anajua nasomesha biolojia hapa Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yanashuka hadi mita 1,470 lakini hayana chumvi, na mwani wa baharini hauoti humo.

Balaa lililetwa na kelpi. Huo ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi, mrefu na mpana kama mkanda wa ngozi. Shemeji alisema wazee wa huko huutundika nje wakatabiri mvua: chumvi iliyomo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo mvua ikikaribia mwani uliokauka hulegea na kuteleza. Nikautundika kibarazani, njia ya kwenda chooni.

Usiku umeme ukakatika. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Kasulu, akatoka bila tochi.

"Nimelambwaaa! Lina ulimi wa chumvi!"

(Chumvi aliijuaje, sijathubutu kumuuliza.)

Majirani wakaja na mapanga, balozi mbele, shuka kiunoni. Nikamwaga mfuko wote mkekani na kuanza somo kwa mwanga wa simu: kelpi haina mizizi, ina kishikizo tu cha kung'ang'ania mwamba, huu wa kijani, mwembamba, ni ulva, huu wenye vifuko vya hewa huelea maji yakijaa. "Na hii si mwani kabisa," nikainua utepe mmoja. "Ni zostera, nyasi ya baharini. Ina mizizi ya kweli, inachanua maua, inatoa mbegu."

"Ndiyo iliyolamba?" balozi akauliza.

"Hapana, mzee."

"Basi iweke pembeni. Tuko kwenye kesi ya ulimi."

Mama mkwe akataka atajwe aliyeleta uchawi ule. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba ni mwanawe. Akajifunga khanga upya. "Huyo tangu mdogo anapenda elimu," akasema.

Hukumu haikutoka. Mvua ilishuka ghafla, mahakama ikatawanyika mbio.

Alfajiri jirani mmoja anayeanika dagaa Kibirizi alikuja kuubonyeza ule mwani kabla hajatandaza mzigo wake. Kesho yake wakaja watatu. Mama mkwe kaahirisha safari ya Kasulu. Kaweka kigoda kibarazani na ndoo ya maji kando.

"Nawa mikono kwanza," anawaambia. "Na usivute. Mwanangu kautoa mbali."