Leseni ya programu huria: kalamu iko kwa nani?

Karibu kila mradi wa programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, una faili moja ambalo hakuna anayelifungua. Jina lake ni LICENSE, na mara nyingi liliwekwa siku ya kwanza na mtu aliyekuwa na haraka ya kuanza kuandika msimbo. Likiwa la leseni iitwayo MIT, lina mistari kama 20: chukua, tumia, badilisha, hata uza ukitaka, ila tangazo langu la hakimiliki usilifute, na mambo yakikuharibikia usinidai. Likiwa la leseni iitwayo GPL, toleo la 3, mistari inapita 600.

Ugomvi wa miaka mingi umo ndani ya tofauti hiyo ya urefu. Kuna leseni za mkono wazi, yaani MIT, BSD na Apache, zinazotoa bila kudai kurudishiwa. Na kuna leseni za nipe nikupe, ambazo mama yao ni GPL, aliyoiandika Richard Stallman, mwanaharakati wa programu huru, mwaka 1989 na kuitolea toleo la 2 mwaka 1991. Hizi zinasema: ukisambaza kazi uliyoijenga juu ya msimbo wangu, yule unayempa umpe na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama mhandisi alivyoyaandika, kwa masharti yaleyale niliyokupa mimi. Hazikatazi kuuza, ingawa wengi hudhani hivyo. Wala hazimgusi mtu anayeitumia programu kimyakimya ndani ya ofisi yake bila kumpa mtu mwingine.

Anayetaka kuona nguvu ya nipe nikupe aitazame ruta ya Linksys iitwayo WRT54G. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo wa uendeshaji ulio chini ya GPL, na msimbo chanzo haukuwa umetolewa. Wakadai. Msimbo ukatolewa, na kutokana nao ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo hufufua ruta ambazo watengenezaji wake wameshazisahau. Lile sharti moja ndilo lililokifungua kifaa ambacho mnunuzi angekitumia miaka yote bila kujua ndani yake mna nini.

Upande wa mkono wazi nao una hoja, na si hoja ya unyonge. Wanasheria wa kampuni wakiona MIT hawaulizi swali la pili. Wakiona GPL wanaitisha kikao. Kwa maktaba ndogo ya msimbo, ile ya kusoma tarehe au kupanga majedwali, kikao hicho kinatosha kumfanya mhandisi atafute nyingine. Mfumo wa PlayStation 4 ulijengwa juu ya FreeBSD, mfumo wa uendeshaji wenye leseni ya BSD, na Apple nayo ilichota humo. Kama lengo lako ni kazi yako ifike mbali, njia ni hiyo.

Ila ujue unachokubali. Andrew Tanenbaum, profesa aliyeutengeneza mfumo wa Minix na kuuachia kwa leseni ya BSD, alikuja kujua mwaka 2017, kupitia vyombo vya habari, kwamba Minix ilikuwa ikifanya kazi ndani ya chipu za Intel, kwenye kompyuta nyingi kupita kiasi. Aliiandikia Intel barua ya wazi. Pesa hakudai, wala hakulalamika kwamba ameibiwa, maana leseni yake ilikuwa imeruhusu yote. Alisema tu kwamba ingekuwa vizuri kama mtu angemwambia. Mimi barua ile huniuma kidogo kila nikiikumbuka. Yeye mwenyewe haikumuuma, na pengine hicho ndicho kipimo: kama habari ya namna hiyo ingekukosesha usingizi, MIT si leseni yako.

Mpaka hapo mizani iko karibu sawa. Iliyokuja kuivuruga ni seva. Sharti la GPL huamka pale unaposambaza programu, na kampuni inayoiendesha kwenye mashine zake na kuuza huduma haisambazi kitu. Mteja anapata majibu tu, programu haimfikii. Ndiyo maana mwaka 2007 ikatoka AGPL tunayoijua leo, inayosema kwamba hata anayeitumia programu yako iliyobadilishwa kupitia mtandao ana haki ya kuupata msimbo. Baadhi ya kampuni kubwa huikimbia leseni hii kama ukoma, na kukimbiwa huko kwaweza kuwa hasara au faida, inategemea unataka nini.

Kisha yakaja mabadiliko ya ghafla. MongoDB, kampuni ya hifadhidata, iliacha AGPL mwaka 2018 na kuchukua SSPL, leseni iliyoitunga yenyewe. Elastic, yenye injini ya utafutaji ya Elasticsearch, iliacha Apache mwaka 2021. HashiCorp, wenye Terraform, chombo cha kuandaa seva kwa msimbo, walihama mwaka 2023, na hifadhidata ya Redis ikafuata Machi 2024. Kilio chao kilikuwa kimoja: sisi tunalipa wahandisi, halafu wauzaji wakubwa wa huduma za wingu wanachukua kazi yetu na kuiuza bila kurudisha kitu.

Kilio hicho siwezi kukicheka. Anayelipa mishahara ana haki ya kuuliza faida inakwenda wapi. Lakini mtu aliyetumia Jumamosi zake kurekebisha kasoro ndani ya Terraform aliitoa kazi hiyo akijua iko chini ya leseni ya Mozilla, na siku moja akaamka akakuta mradi umehamia kwenye masharti ambayo hata shirika la OSI, linalopitisha leseni za programu huria, haliyatambui kuwa huria. Hakuulizwa. Na mchezo huu wa kugawa bure mpaka watu wakutegemee, kisha ukabadili masharti, sijui tuuite biashara au mtego.

Matokeo yake yanafahamika. Amazon walichukua toleo la mwisho la Elasticsearch lililokuwa huru wakaanzisha OpenSearch. Kutoka Terraform ikatoka OpenTofu, kutoka Redis ikatoka Valkey, zote mbili zikahifadhiwa na Linux Foundation, shirika lisilo la faida. Elastic ikarudi nusu njia mwaka 2024 kwa kuongeza AGPL, na Redis ikafanya vivyo hivyo Mei 2025. Valkey haikurudi nyumbani.

Mijadala mingi huishia hapa, watu wakigombana kama MIT ni bora kuliko GPL. Naona swali hilo ni dogo kuliko linavyofanywa. Swali kubwa ni nani anaweza kuyabadilisha masharti kesho, na jibu lake mara nyingi halimo ndani ya leseni. Elastic na HashiCorp waliwataka wachangiaji wakubali mkataba unaoipa kampuni haki pana juu ya kila walichochangia, kiasi cha kampuni kuweza kukitoa tena kwa masharti mengine. Redis, iliyokuwa chini ya BSD, ilipita mlango mwingine: leseni hiyo yenyewe inaruhusu msimbo uingizwe ndani ya kazi yenye leseni ngumu zaidi, mradi tangazo la hakimiliki libaki. Njia mbili, matokeo yaleyale.

Linganisha na Linux. Hakimiliki ya kiini chake imetawanyika mikononi mwa maelfu ya watu na kampuni. GPL toleo la 3 lilipotoka mwaka 2007, Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux, hakulipenda, na Linux ikabaki toleo la 2. Lakini hata angelipenda, angeanzia wapi kuomba ridhaa? Hakuna mkurugenzi anayeweza kuamka asubuhi akabadilisha leseni ya Linux, na usalama huo haukuandikwa kwenye kifungu chochote cha GPL.

Nisijipendelee lakini. Kutawanyika huko nako kuna bei. OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikaa miaka mingi na leseni ya zamani iliyodai mradi utajwe kwenye matangazo, kifungu kisichopatana na GPL. Kuiondoa kulihitaji kuwatafuta wachangiaji mmoja mmoja, wengine wakiwa na anwani za barua pepe zilizokufa zamani. Apache 2.0 ikaingia rasmi na toleo la 3.0, Septemba 2021, miaka kadhaa baada ya kazi kuanza. VLC, programu ya kuchezea video, nao walipitia msako kama huo walipotaka kuhamisha injini yao kutoka GPL kwenda LGPL, ndugu yake mpole zaidi. Mradi ambao hakuna anayeweza kuuteka ni mradi ambao hata kosa la siku ya kwanza ni kazi kulirekebisha.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiifanyie mzaha. Usiache mradi bila leseni ukidhani ndiyo uhuru: msimbo usio na leseni una hakimiliki kamili, na mwenye kuijali sheria hataugusa. Wala usitunge masharti yako. Mhandisi Douglas Crockford aliongeza kwenye MIT sentensi moja tu, kwamba programu itumike kwa mema na si kwa maovu, na Debian, wasambazaji wa mfumo wa Linux, wakaikataa, maana nani atapima maovu? Na usidhani maneno haya ni mapambo. Mwaka 2008, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kuvunja masharti ya leseni huria kwaweza kuwa uvunjaji wa hakimiliki. Kesi yenyewe ilihusu programu ya kuendesha treni za kuchezea.

Kama ni maktaba ndogo, mimi ningeweka Apache 2.0 badala ya MIT, kwa sababu inataja hataza, yaani haki za uvumbuzi, waziwazi na MIT haizitaji. Kama ni programu kamili ya kukaa kwenye seva, ningeweka AGPL nikakubali kwamba baadhi ya kampuni hazitaigusa. Kwa vyovyote vile nisingemsainisha mchangiaji mkataba wa kunikabidhi haki zake. Linux tangu 2004 wana utaratibu mwepesi zaidi: kila mchango unabeba mstari mmoja chini yake, Signed-off-by, ukifuatwa na jina na barua pepe ya mchangiaji, kuthibitisha kwamba ana haki ya kuutoa. Hakimiliki inabaki kwake. Kwa mradi wa watu watano, mstari huo unatosha.