Riba ya Benki Kuu haijawahi kufika Tandika

Niko Uingereza mwaka wa saba sasa na kila nikifungua magrupu ya WhatsApp nakuta mtu anasema nyumbani Tanzania tuko vizuri, mfumuko wa bei asilimia 3 tu, wazungu wenyewe walifika 11. Ni kweli, Oktoba 2022 hapa ilifika 11.1, nilikuwepo, hita tulikuwa tunawasha saa moja jioni saa tatu tunazima. Lakini jamani ukiziweka hizo namba mbili pamoja hujalinganisha maisha ya watu.

Nianze na riba maana ndio iliyoniuma. Mwanzoni mwa Desemba 2021 riba ya Benki Kuu ya hapa, ile inayoongoza riba za mabenki mengine, ilikuwa asilimia 0.1, wakawa wanapandisha taratibu mpaka Agosti 2023 ikafika 5.25, nia watu wapunguze kukopa na kununua ili bei zitulie. Sasa mwenye nyumba wangu alinunua kwa mkopo, muda wa riba yake ya zamani ulipoisha akapewa mpya ya juu zaidi, na mwezi huohuo nikakuta barua imesukumwa chini ya mlango wa chumba changu, kodi imepanda pauni 90. Watu tisa wa Benki Kuu wamekaa London wanapigia kura riba, mimi naacha kununua nyama. Inauma ila angalau inafika.

Kwetu je? BoT, yaani Benki Kuu ya Tanzania, wameanza kutumia riba ya Benki Kuu Januari 2024 kwa asilimia 5.5, Aprili ikawa 6, Julai 2025 ikashuka mpaka 5.75 na watu wakapongezana sana. Dada yangu anauza chapati na maharage Tandika, Dar es Salaam. Benki walimtaka dhamana na hesabu za biashara, hana, kwahiyo anakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, anachukua laki mbili na baada ya siku 30 anarudisha laki mbili na sitini. Hiyo ni asilimia 30 kwa MWEZI! Benki Kuu ipandishe, ishushe, ile elfu sitini haisogei. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba ipo lakini mpaka muwe kikundi kimesajiliwa, yeye yuko peke yake na jiko lake.

Nilipoenda likizo nikaona na chapati zenyewe, bei ileile ya zamani ila donge kapunguza, ukiikunja inapasuka.

Na namba za ajira nazo watu wanazilinganisha hivyohivyo, kanuni ya kimataifa ni kwamba ukifanya kazi ya kipato hata saa moja kwa wiki unahesabiwa una kazi. Tofauti ya hapa na kwetu ni kwamba jirani yangu hapa alipopunguzwa ghalani alienda kujiandikisha kuwa hana kazi, akawa anapata posho kidogo huku anaonesha kazi alizoomba. Kwetu nani ana uwezo wa kukaa anatafuta tu? Mdogo wangu ana digrii ya uhasibu na anaendesha bodaboda ya mkataba, jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki, kwenye takwimu yule ana ajira.

Mimi nataka tukijadili uchumi tuanzie kwenye riba anayolipa muuza chapati, hiyo ya wakubwa ifuate baadaye.

Dada juzi kamaliza lile deni, na siku hiyohiyo kachukua jingine la laki na nusu, unga na mafuta vilikuwa vimeisha.