Hopgood hakuwa peke yake ndani ya ndege

Kila ifikapo Mei 17, watu wanaofuatilia historia ya uvamizi wa mabwawa ya Ujerumani wa mwaka 1943 humtaja John Hopgood, rubani wa Uingereza aliyekufa usiku ule akiwa na miaka 21. Humwita shujaa, basi, wakapita. Neno hilo naliona la kivivu, kwa sababu alichokifanya kinaelezeka hatua kwa hatua, na ukikieleza huna haja tena ya sifa.

Tuanze na bomu. Lilikuwa pipa la tani 4 na ushei, lililozungushwa kinyumenyume mara 500 kwa dakika kabla ya kuachiwa, ili liruke juu ya maji, ligonge ukuta wa bwawa, kisha lizame likiambaa na ukuta huo na kulipuka chini. Sharti ndege iwe futi 60 tu kutoka majini, yaani mita 18. Vipimo vya kawaida vya kimo havikufaa kwa usahihi huo, kwa hiyo zilifungwa taa mbili tumboni mwa ndege; miduara yake ya mwanga ikigusana juu ya maji, kimo kimetimia. Ubaya wake ni kwamba mpiga mizinga aliye ukutani naye anaziona taa hizo.

Kwenye bwawa la Möhne, Hopgood alikuwa wa pili kushambulia. Wa kwanza, kamanda wake Guy Gibson, alikwisha waamsha walinzi. Isitoshe, ndege ya Hopgood ilikuwa imepigwa njiani na mwenyewe alikuwa na jeraha kichwani. Ilipokaribia ukuta ikapigwa tena, ikashika moto. Bomu likaachiwa kwa kuchelewa, na kuchelewa kidogo tu kunatosha: likaruka juu ya ukuta na kulipukia kituo cha umeme kilichokuwa chini yake.

Hapo ndipo pa kusimama. Katika kimo kile parachuti ni kitambaa tu, haipati nafasi ya kufunguka. Ndege yenyewe, aina ya Lancaster, ilikuwa na rubani mmoja, hakuna wa kumpokea usukani. Hopgood akaivuta juu hadi kama futi 500, ili wenzake waruke. Mlenga mabomu, John Fraser, alitokea mlango wa sakafuni puani. Mpiga bunduki wa nyuma, Tony Burcher, ilibidi kwanza atoke kwenye kibanda chake, maana parachuti ilitundikwa nje yake. Akamkuta Minchin, mtu wa redio, amejikokota hadi huko na mguu ulioharibika vibaya. Akamfunga parachuti, akamsukuma nje. Minchin hakupona. Fraser na Burcher walipona, wakawa mateka.

Kwa hiyo anayemkumbuka rubani peke yake anakata hadithi katikati. Zile sekunde za kimo alizonunua zilikuwa za wenzake sita ndani ya ndege: Brennan, Earnshaw, Minchin, Gregory, Fraser na Burcher, na wanne wa kwanza wamezikwa naye Rheinberg, Ujerumani.

Tena kuna upande wa chini ya ukuta, ambao wapenzi wa ndege huuruka haraka. Möhne lilipobomoka, baada ya bomu la tano, maji yaliua watu zaidi ya 1,200. Wengi walikuwa wageni waliofanyishwa kazi kwa nguvu, wakiwemo wanawake kutoka Umoja wa Kisovieti waliofungiwa kwenye kambi ya Neheim, bondeni. Kuwataja hakumvunjii Hopgood heshima. Kati ya ndege 19 zilizoondoka Uingereza usiku ule, 8 hazikurudi, na wanajeshi 53 walikufa; hesabu hiyo huchapwa kila mwaka. Ile ya Neheim, mara nyingi, lazima uitafute.