Mama Mkwe, Leso na Jetiski

Kwanza nimtetee tajiri wangu: wazo lake halikuwa baya lilipokuwa bado wazo.

Mashua yake ya tanga, futi 38, imetia nanga Kilifi, juu kidogo ya daraja, kwenye ule mkono wa bahari ambao wenyewe tunauita mto. Yeye huja mara mbili kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni mimi na mashua: nakausha ngama, yale maji yanayokusanyika chini ndani ya mashua, nakagua kamba, nawasha injini kila wiki isije ikasahau kazi. Na mashua ikishatia nanga lazima iwe na kihori cha kukupeleka pwani na kukurudisha. Chetu kilikuwa cha mpira, na mashine ndogo nyuma. Jua likala mpira, chumvi ikala mashine.

Tajiri akanipigia simu kutoka Ulaya kwa furaha. Amenunua jetiski mkononi kwa mtu, ya kupanda watu watatu. Ina kasi, injini iko ndani, rafadha imefichwa haiwezi kumkata mtu. Yote kweli. Ila hakuna hata moja katika hayo linalomfaa mtu aliyebeba mtungi wa gesi wa kilo 13.

Mtungi niliubana kwa mapaja. Trei ya mayai 30 niliyonunua sokoni ilifika mashuani mayai 11. Usiku jetiski niliifunga tezi, yaani nyuma ya mashua, na kila maji yalipogeuka ilikuja kugonga ubavu wa mashua, ngo, ngo, ngo, kama mdai aliyeona taa inawaka ndani.

Tena haina usukani kama tunaoujua sisi. Inanyonya maji kwa tundu la chini lenye vyuma na kuyatapika nyuma kwa nguvu. Ukigeuza mikono, unageuza mdomo ule unaotapika. Ukiachia moto, yaani ukiacha kutia mafuta, haitapiki. Isipotapika, geuza mikono mpaka ing'oke, yenyewe inakwenda mbele vilevile. Mimi siku ya kwanza nilikuja kama ninavyokuja na kihori: nikaachia moto, nikakata kushoto, nikangoja. Alama iko kwenye mashua mpaka leo. Nimeipaka rangi, na namwomba Mungu tajiri asijifunze Kiswahili.

Sasa, mke wangu ni wa Takaungu, na huko kwao alishatangaza kwamba mumewe ni nahodha. Sikumsahihisha. Siku moja akaniambia, "Mama anataka kuja kuona chombo chako." Kijasho kikanitoka. Mama mkwe wangu amezaliwa kwa nahodha wa kweli, wa majahazi, na tangu anioe mtoto wake, nisamehe, tangu nimuoe mtoto wake, ananitazama kama mtu anayesoma risiti.

Akaja Jumapili saa tatu asubuhi. Buibui, kapu la mahamri, mbaazi za nazi kwenye bakuli lenye kifuniko, chupa ya chai, sinia la kuandalia, na juu ya mabega leso mpya inayonukia duka: *Mgeni njoo, mwenyeji apone.*

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kihori kiko wapi?"

"Ndicho hiki, mama."

Akaizunguka mpaka maji yakamfika vifundoni. "Hii ni pikipiki."

"Ni ya majini, mama."

"Naona. Pikipiki ikizima barabarani unashuka, unasukuma. Hii ukishuka?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ikaja shughuli ya kupanda. Kukaa kwa kutanua miguu alikataa. Akakaa upande, kama anakwenda harusini kwa bodaboda, jetiski nzima ikalala kulia. Halafu kushika. Kisharia mama mkwe ni maharimu yako, hakuna neno, lakini sharia ni moja na haya ni nyingine. Kiunoni kwangu hakugusa. Alinishika ukosi wa shati kwa vidole viwili, kama unavyomshika samaki usiyejua amevuliwa lini. Kapu akalipakata.

Nikaondoka polepole. Upepo wa kaskazi ulikuwa mwepesi, lakini ulitosha kuinua leso mabegani mwake na kuitandika juu ya maji.

"Leso yangu!"

Hapa ndipo nilipotaka kuwa mkwe bora. Nikazunguka kwa madaha niiokote. Nilipoifikia nikaachia moto, nikageuza mikono, na mnajua tayari ilikwenda wapi. Ikapita juu yake. Nikatia moto tena nijinasue. Chini yetu ikasikika *krrr*, kama mtu anayemeza asichokitafuna. Injini ikakohoa mara mbili. Kimya.

Ilikuwa bamvua. Kwetu bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na saa zile za asubuhi yote hayo yanarudi baharini kwa mkupuo. Mashua yangu nikaiona inajisogeza nyuma. Kumbe ni sisi.

"Kasia," mama akasema.

"Haina, mama."

"Pondo?"

"Haina."

"Nanga?"

"Iko mashuani. Mama, hii ni jetiski."

"Sikukuuliza jina lake."

Tukapita chini ya daraja taratibu, kama mizigo ya mtu mwingine. Juu watu wakaanza kujipanga. Makanga mmoja akapiga kelele kwamba bado nafasi ya mtu mmoja, Malindi mia mbili. Simu zikatolewa. Mama akatazama juu, akasema kwamba kabla daraja hili halijafunguliwa mwaka 1991 walikuwa wakivuka kwa feri, na hata ile feri pamoja na ubovu wake ilikuwa inajua inakokwenda.

Mimi nilishalala kifudifudi mbele, napiga maji kwa mikono kurudi tulikotoka. Nilipiga mpaka mabega yakawaka moto. Daraja likazidi kuwa dogo.

"Wewe unashindana na nani?" akaniuliza. "Maji ya bamvua hayarudishwi. Yakate, twende ukingoni kule Mnarani, pembeni hayana nguvu." Akahamisha mahamri, akapangusa sinia kwa ncha ya buibui, akanipa. "Piga na hili. Upande mmoja tu. Usilikwaruze."

Nikapiga makasia kwa sinia. Naandika haya kwa hiari yangu, sikulazimishwa na mtu. Yeye nyuma anatoa amri, nusu kwa sauti ya kwake, nusu nadhani kwa sauti ya marehemu baba yake, na katikati ya amri akamimina chai. Tukaanza kusogea mshazari.

Ndipo akatokea mzee mmoja kwenye mtumbwi, anatoka kutega. Nikapiga kelele atutupie kamba. Mama akanikemea: mtu hasalimiwi kwa kamba. Akamwamkia. Mzee akaitikia, akauliza za nyumbani. Za nyumbani njema. Za Takaungu? Njema. Wewe wa mlango gani? Mama akamtajia. Mzee akaacha kasia kabisa: kumbe bibi yake na shangazi wa mama walinyonya ziwa moja! Wakaanza kuulizana wazima na waliotangulia mbele ya haki, kila marehemu kwa dua yake, huku vyombo vyote viwili vinateremka kuelekea lango la bahari. Sikuthubutu kukatiza. Nilishika tu sinia langu.

Mwisho kamba ikaja. Jetiski ya kilo mia tatu na kitu, ikakokotwa na mzee mwenye kasia moja na mtumbwi unaovuja. Injini kama hii ikivutwa kwa kasi inaweza kujaa maji ndani, lakini kwa mwendo wa mzee yule hata kikombe cha mama hakikumwagika.

Pwani tukailaza ubavu, upande ule ulioandikwa kwenye kibandiko, nikaingiza mkono na kisu cha samaki. Leso ilikuwa imejizonga kwenye shafti kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Ikatoka vipande. Kwanza MGE. Halafu pindo tupu, futi nzima. Halafu JI APO. Mama alivipokea kimoja kimoja, akavipanga juu ya mchanga, akatafuta NE, hakuiona.

Mashuani alikwenda, kwa mtumbwi wa jamaa yake. Akakagua kila kitu, akanionyesha fundo moja nililolifunga vibaya, akamkaribisha mzee mahamri kana kwamba chombo ni chake. Walipokuwa wakila tajiri akapiga simu, anauliza kihori kipya kinakwendaje.

"Kinakwenda na maji," nikamwambia. Akafurahi sana.

Wiki iliyofuata nikampeleka Mombasa, Biashara Street, kulipa deni langu. Alipekua leso kwa zaidi ya saa nzima, anasoma jina moja moja, ananitazama, anaiweka kando. Mwisho akaridhika na moja: *Mdhaniaye ndiye kumbe siye.* Muuzaji akaikata. Leso ni mbili mbili, kwa hiyo mama akajifunga moja palepale dukani, na ya pili akaikunja vizuri, akanikabidhi nimpelekee mke wangu.

Anaivaa kila ninapotoka kwenda kazini.