Programu huria: ombi la mtumiaji lina uzito gani?

Mei 2012, GIMP, programu huria ya kuhariri picha (yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha), ilitoa toleo la 2.8, na katika toleo hilohilo watumiaji wakapewa jambo moja na kunyimwa jingine. Walipewa walichokililia kwa miaka mingi: zana, tabaka (safu zinazopangwa moja juu ya nyingine kuunda picha) na picha yenyewe kukaa ndani ya dirisha moja badala ya kutapakaa kwenye skrini nzima. Walichonyimwa ni kubonyeza "Hifadhi" na kupata JPEG moja kwa moja. Tangu hapo amri hiyo hutoa faili la XCF tu, la GIMP yenyewe; anayetaka JPEG au PNG hupitia amri nyingine. Watu walilalamika sana, lakini wasanidi hawakurudi nyuma.

Kwa maoni yangu, walichelewa kwenye la kwanza na walikuwa sahihi kwenye la pili. JPEG haitunzi tabaka. Mtu ameshinda akipanga maandishi juu ya picha ya kadi ya harusi, akahifadhi JPEG na kufunga. Kesho bibi harusi akitaka tarehe ibadilishwe, maandishi yameshagandana na picha na kazi inaanza upya. Mlalamikaji aliona usumbufu wa kubofya mara moja zaidi, msanidi akaona kazi za watu zinazopotea. Kwenye madirisha, wenye kuijua adha walikuwa watumiaji, waliokuwa wakisaka kisanduku cha zana kilichojificha nyuma ya picha. Toleo la 2.10 la mwaka 2018 lilipoufanya mpangilio wa dirisha moja kuwa wa kawaida, hoja yao ilikuwa imeshinda.

Hata hivyo, kuwa na hoja hakumpi mtu mamlaka. Leseni ya GPL, inayotumiwa na GIMP na programu huria nyingine nyingi, inatamka wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote, na wengi wanaoziandika hawalipwi hata senti. Asiyeridhika anaruhusiwa kuchukua msimbo na kwenda nao. GNOME ni eneokazi, yaani skrini ya madirisha na menyu, la kompyuta za Linux. GNOME 3 ilipotoka Aprili 2011 ikiwa imebadilisha kabisa sura ya eneokazi, waliochukizwa waliuchukua msimbo wa GNOME 2 wakauendeleza kwa jina la MATE, nayo ingali inatumika.

Ila "chukua msimbo ufanye mwenyewe" ni jibu linalowafaa wachache. Mwalimu anayetumia kompyuta ya shule hawezi kuanzisha tawi lake la programu. Akieleza ni toleo gani, alibonyeza nini na kikatokea nini, tayari ameshachangia, na kumjibu hivyo ni kumfukuza.

Shinikizo nalo lina hatari yake. Lasse Collin alikuwa akitunza XZ Utils, zana ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila Linux, kwa kujitolea. Mwaka 2022 majina kadhaa yalimwandama: mbona unachelewa, mbona humkabidhi mtu mwingine? Wengi wanaamini majina hayo yalikuwa ya kubuni. Baadaye aliyejiita Jia Tan alipewa dhamana ya mradi, na matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka na mlango wa siri, yaani msimbo uliofichwa wa kumwezesha mtu kuingia kwenye kompyuta za wengine bila ruhusa. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliufichua tarehe 29 Machi 2024, baada ya kushuku kwa nini kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kulikuwa kunachukua nusu sekunde zaidi. Lawama za "mtumiaji" zilikuwa zimetumika kumchosha mtu mmoja hadi akakabidhi funguo.

Kwa hiyo simdai msanidi akubali kila ombi. Namdai jibu, hata likiwa hapana, likiwa na sababu na likija mapema, ili muombaji ajue kama asubiri au atafute programu nyingine. Madai makubwa zaidi nayaelekeza kwa makampuni na serikali zinazoendesha seva zao juu ya kazi za namna hii. Hao wana bajeti na wahandisi, na hawana sababu ya kupanga foleni ya malalamiko pamoja na yule mwalimu. Mwaka 2022, Collin alihitaji mkaguzi wa pili wa msimbo, anayelipwa mshahara na anayejulikana anakofanya kazi.