Saratani ni mmoja kwa elfu. Na waliobaki je?

Kila mjadala wa DES, dawa waliyopewa wajawazito zamani, ukizuka, hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba kati ya mabinti ambao mama zao waliimeza, aliyepata saratani ya uke kwa sababu yake ni takriban mmoja kwa kila elfu. Takwimu ni ya kweli. Tatizo ni kwamba imegeuzwa blanketi la kufunikia yaliyowakuta wengi kati ya wale 999.

DES ni homoni ya kutengenezwa, iliyoundwa Uingereza mwaka 1938, na kuanzia 1947 wajawazito wa Marekani wakaimeza kwa idhini ya serikali ili mimba zisiharibike. Mwaka 1971 madaktari wa Boston walieleza habari za wasichana 8, wa miaka 15 hadi 22, wenye saratani iliyozoeleka kwa wanawake wazee. Mama 7 kati ya 8 walikuwa wamemeza DES. Aliyefumbua fumbo ni mama wa mgonjwa mmoja, aliyemuuliza daktari kama vidonge vya ujauzito wake vingehusika.

Watetezi wa madaktari wa enzi hizo wanasema: mwanamke amepoteza mimba tatu, anakuja analia, watafiti wa Harvard wameandika kwamba dawa inafaa, ungemwandikia nini? Na nani angejua kuwa madhara yatasubiri miaka 20 yatokee kwa mtoto, si kwa mama? Nakubali, hadi 1953. Mwaka huo jaribio la Chicago, lenye wajawazito zaidi ya 1,600, nusu yao wakipewa vidonge visivyo na dawa, lilionyesha DES haisaidii kitu. Iliendelea kuandikwa miaka mingine 18. Mwaka 1957 ilitangazwa hata kwa wajawazito wasio na tatizo lolote, eti watazaa watoto wakubwa na wenye nguvu.

Sasa hao 999. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2011 ulifuatilia mabinti zaidi ya 4,600 wa DES. Kati ya waliopata mimba, asilimia 53.3 walijifungua kabla ya wakati angalau mara moja. Kwa wanawake wasioguswa na dawa, 17.8. Zaidi ya nusu wamezaa njiti! Ugumba ulikuwa asilimia 33.3 dhidi ya 15.5, mimba kutunga nje ya kizazi 14.6 dhidi ya 2.9. Waliofiwa na kichanga ndani ya mwezi wa kwanza ni 7.8 dhidi ya 0.6, namba ambayo kila nikiisoma nairudia.

Chanzo kimoja huonekana kwenye picha ya eksirei. Dawa ya rangi ikipitishwa kwenye kizazi cha kawaida, huchora pembetatu iliyopinduliwa. Kwa baadhi ya mabinti hawa ilichora herufi T, nafasi finyu ambamo mtoto hana pa kukulia. Umbo hilo liliwekwa wakiwa wenyewe bado tumboni, na mama zao wakiamini wanalinda mimba.

Upande wa pili una hoja moja nzito: hofu ya DES isitupiwe kila homoni. Projesteroni ya asili, homoni ambayo mwili wenyewe hutengeneza kutunza mimba, si DES. Jaribio lake la Uingereza la 2019, lenye wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa damu mimba ikiwa changa, halikuonyesha faida ya uhakika kwa wote kwa ujumla, lakini kwa waliokwisha kupoteza mimba tatu au zaidi, waliozaa mtoto hai walikuwa asilimia 72 dhidi ya 57 kwa wasiopewa. Kumnyima mwanamke huyo dawa kwa kumbukumbu ya Boston ni ukatili mwingine.

Ila tusijisifu mapema. Makena, homoni ya kutengenezwa iliyochomwa kwa sindano kila wiki kuzuia uzazi wa kabla ya wakati, ilishindwa jaribio lililochapishwa 2019. Marekani iliiondoa sokoni Aprili 2023. Safari hii ni miaka 4 badala ya 18, na kwa miaka hiyo 4 wajawazito waliendelea kuchomwa.