Nyuzi 220

Transfoma ilikuwa nzito kuliko oveni. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ile kila mtu aliitilia shaka transfoma, nami nikiwa wa kwanza, na haikuwa na kosa lolote.

Oveni yenyewe ni ile ndogo ya kuweka mezani, wati 1,500, niliyoinunua kwa mzungu mmoja wa Gigiri aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao Marekani. Stima ya kwao ni volti 120, yetu ni 240, kwa hiyo aliniuzia na transfoma ya wati 2,000, lichuma la buluu lenye mpini juu. Soja wa geti letu hapa Donholm aliipandisha hadi ghorofa ya tatu, akapumzika mara mbili ngazini, na alipoitua akaniuliza kama hicho kweli ni chombo cha jikoni au ni injini ya matatu. Fundi wa stima akaja, akabadilisha plagi, akapima volti, akasema, "Iko sawa, bosi. Ukipata shida nipigie kabla hujafanya kitu."

Kabla hujafanya kitu. Alikuwa ananijua.

Jumapili hiyo mashemeji wawili walikuwa waje kula. Mama Baraka akapanga pilau na kachumbari. Mimi nikatangaza kwamba kuku ni wangu: mabawa ya oveni, ngozi inayolia kapa ukiiuma, yamepakwa sosi ya asali na pilipili. Nilitangaza kwa sauti, ndilo kosa la kwanza.

Na maandalizi yangu, mtu asinisingizie, hayakuwa na doa. Jumamosi asubuhi nilikuwa City Market, pale Mtaa wa Muindi Mbingu, nikachagua kilo moja ya mabawa ya broila. Broila, si kienyeji. Kienyeji ana utamu wake, lakini nyama yake inataka kuchemshwa kwanza, na bawa la broila lina mafuta chini ya ngozi ambayo yakiyeyuka vizuri ndiyo yanayoikaanga ngozi yenyewe. Nikayakata kila moja kwenye viungo, ncha nikaziweka za supu. Kisha nikayapangusa kwa tishu za jikoni, bawa baada ya bawa, mpaka tishu ikitoka inatoka kavu. Hapo ndipo wengi hushindwa. Ngozi yenye maji haikauki kwa oveni, inachemka kwa mvuke wake yenyewe, na moto wote unaishia kukausha maji badala ya kukausha ngozi.

Baada ya hapo, kijiko kimoja kikubwa cha bekingi pauda kwa kilo hiyo moja, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, pilipili manga, basi. Bekingi pauda inafanya ngozi ibadilike rangi upesi na inatoa vipovu vidogo vidogo vinavyoiacha ikiwa na ule ukwaru unaovunjika mdomoni. Nasisitiza pauda. Ukitia bekingi soda kwa kipimo hichohicho, wageni watadhani sahani hazikusuuzwa. Nikayapanga juu ya wavu bila kugusana, nikayatia kwenye friji usiku kucha bila kuyafunika, maana hewa kavu ya friji inamalizia kazi ya tishu. Baraka aliamka saa tano usiku kutafuta maziwa, akafungua mlango, akaona mabawa meupe yamepangwa kwa safu kama gwaride, akafunga polepole akarudi kulala.

Sosi nikaipika Jumapili asubuhi: asali nusu kikombe, sosi ya soya vijiko vitatu vikubwa, maji ya ndimu viwili, saumu punje nne na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimepondwa, na pilipili kichaa nne. Moto mdogo, dakika tano, mpaka ishike mgongo wa kijiko na ukipitisha kidole njia yake ibaki wazi. Mwisho kabisa kipande cha siagi. Jiko zima lilinukia hadi jirani akafungua dirisha, na si kwa sababu ile aliyolifungulia baadaye.

Saa sita kasorobo nikawasha oveni. Mabawa ya namna hii yanataka nyuzi 220, dakika 45 hivi, unayageuza katikati. Nikazungusha kitufe hadi 220. Namba zake zilianzia 150 zikaenda hadi 450, na nakumbuka nilicheka moyoni: hawa Wamarekani kwa makuu! Nyuzi 450 mtu anaoka nini, matofali?

Baada ya dakika 20 nikafungua kuyageuza. Joto lililonipiga usoni lilikuwa la kiungwana, kama la chumba walichotoka watu wengi. Mabawa hayakuwa na rangi. Nikayageuza, nikajiambia upande wa chini ndio utakaopendeza.

Baada ya dakika 45 nikachuchumaa mbele ya kioo na taa ya simu. Ngozi ilikuwa imelegea, imekunjamana, nyeupe yenye unyevunyevu, kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Katika kila mkunjo palikuwa na kitone cha mafuta kilichokosa pa kwenda.

"Ni transfoma," nikamwambia Mama Baraka. "Haitoi nguvu zote."

Akaja, akaangalia, akanyamaza. Kimya chake ndicho kilichonifanya niongeze maelezo. Nikamweleza kuwa Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, kwa hiyo kupika huku kwetu si sawa na kupika pwani.

"Kwani yule wa keki hapo chini," akauliza, "huwa anaenda kuziokea Mombasa?"

Habari ya maji ni ya kweli, nitaitetea hata mahakamani. Shida ni kwamba mabawa hayakuwa ndani ya maji. Nikampigia fundi simu, haikushikwa. Jumapili saa sita na nusu, fundi yuko kanisani.

Saa saba kamili, hodi. Mashemeji. Nikasikia sebuleni, "Kumbe leo shemeji ndiye mpishi!" na kicheko. Hapo akili ikanituma kuficha. Nikachukua brashi nikayapaka mabawa yote sosi, nene, pande mbili, nikidhani asali italeta rangi ambayo moto umekataa kuleta. Kisha, kwa kuwa nyuzi zilionekana hazitoshi, nikazungusha kile kitufe kikapita 450 hadi mwisho, palipoandikwa BROIL. Nikaona neno hilo liko karibu na "boil", la kuchemsha, basi haliwezi kuwa na madhara makubwa.

Nimejifunza sasa kwamba hapo waya wa juu peke yake ndio unaowaka, unakuwa mwekundu kama kaa la moto, na bawa likiwa karibu nao halina dakika nyingi. Bila chochote juu yake lingeiva rangi. Lakini asali ni sukari, na sukari yake inaanza kugeuka rangi mapema sana, kabla hata sukari ya kawaida haijayeyuka. Ndiyo maana sosi ya asali hupakwa dakika tano za mwisho, au bora zaidi unalitoa bawa likiwa kavu unaligeuzageuza ndani ya bakuli la sosi. Mambo haya niliyajua. Ningeweza kumfundisha mtu. Nilikuwa sebuleni nikimimina soda.

Dakika ya nne moshi ulipita chini ya mlango wa jikoni, wa buluu, mchungu, na ule ukali wa pilipili kichaa ukamshika kila mtu kooni kwa wakati mmoja. Shemeji mdogo, mtoto wa watu aliyelelewa akalelewa, akafuta machozi akauliza kwa upole, "Shemeji, hizi ni bizari?"

Nikakimbia jikoni. Sosi ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye wavu hadi kwenye foili, na kila tone likitua linatoa povu jeusi. Nikachomoa plagi. Mlango wa nyumba ukagongwa kwa nguvu: soja, mtungi wa kuzimia moto mkononi, pini tayari ameishika. "Wapi, bosi?" Nikamsimamisha mbele ya oveni kwa mikono miwili. Naye alikuwa ameusubiri mtungi ule tangu aajiriwe, ilionekana usoni.

Simu ikaita. Fundi.

"Bosi, nilikuwa ibadani. Kuna nini?"

"Oveni haishiki moto. Saa nzima kuku hakuiva, halafu ameungua."

"Uliweka ngapi?"

"220."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia watu wakisalimiana kutoka kanisani.

"Bosi, angalia karibu na hizo namba. Kuna F?"

Nikasugua kwa kidole gumba. Chini ya utando wa mafuta ya yule mzungu ilikuwepo, ndogo kama mdudu chawa. F.

"Hiyo ni farenhaiti," akasema. "220 ya hapo ni kama nyuzi 104 zetu. Umekuwa ukikausha mboga. Ungeweka 425."

Soja, aliyekuwa amesikia yote, akashusha mtungi kwa huzuni.

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilikuwa bado sijapotea. Wako wapishi wanaoanza makusudi na moto mdogo, nyuzi 120 kwa nusu saa, ili mafuta yatoke chini ya ngozi, halafu ndipo wanapandisha hadi 220. Mimi nilikuwa nimekwishafanya nusu ya kwanza ya ufundi huo bila kujua. Ningeongeza moto tu, nikangoja dakika 40 bila kugusa asali, ningekula sifa. Soja aliyachukua yale meusi, akayakwangua kwa kisu pale ngazini, akasema nyama ya ndani ni laini sana, inaachia mfupa yenyewe. Bila shaka. Ilikaa saa nzima kwenye joto la kiungwana.

Nikamtuma steji, kwenye kibanda cha kuku wa kukaanga, alete vipande kumi vya moto. Nusu ya sosi ilikuwa imebaki kwenye sufuria. Nikaipasha, nikavigeuza ndani yake, nikanyunyiza ufuta juu, nikapeleka mezani dirisha zote zikiwa wazi. Walikula mpaka wakalamba vidole. Mama Baraka alinitazama tu juu ya sahani ya pilau.

Wakati wa kuaga, shemeji mkubwa akatoa simu akaniomba nimsomee maelezo yote, kuanzia tishu. Nikamsomea bila kuficha kipimo hata kimoja: kijiko kimoja cha pauda, friji usiku kucha, nyuzi 220, dakika 45, sosi mwishoni. Oveni yake ni ya hapahapa Nairobi.

Jumapili iliyofuata akatuma picha. Mabawa ya rangi ya dhahabu, ngozi imejaa vipovu, sosi inang'aa. Chini ameandika: "Asante shemeji, sikubadilisha kitu. Ila mbona yako hayakuwa mabawa, yalikuwa mapaja na vidari?"

Simu ilikuwa mkononi mwa Mama Baraka. Anaandika jibu hadi sasa.